Mwanamke Aliyepiga Hesabu za Bomba

Bomba la Ruvu Juu linaanzia Mlandizi, kwenye mtambo uliojengwa mwaka 1959 enzi za Mwingereza, kisha linafuata barabara ya Morogoro kuelekea Dar es Salaam. Linapita Visiga, linapita Misugusugu, linafika Kongowe, linaendelea Maili Moja mpaka Kibamba na Kimara. Juni 2020 likapata tawi: maji yaliyofika Kibamba yakaanza kupandishwa Kisarawe, mji ulioishi miaka mingi kwa visima na madumu. Nazungumzia Kongowe ya Kibaha, si ile ya mbele ya Mbagala kwenye barabara ya Kilwa. Watu wa Pwani wanajua jinsi wageni wanavyoshuka kituo kisicho chao kwa kuchanganya Kongowe hizi mbili.

Kongowe maji huzungumzwa kwa maneno mafupi. Yametoka. Yamekatika. Leo presha ndogo. Hakuna anayesimama bombani na ndoo akawaza kwamba presha hiyo ina hesabu zake, na kwamba wapo watu waliotumia ujana wao wote kutafuta jinsi kimiminika kinavyopita ndani ya bomba la mviringo. Mmoja wao ni Verdiana Grace Masanja, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata shahada ya uzamivu katika hisabati. Tasnifu zake mbili, moja ya Dar es Salaam na nyingine ya Berlin, zote zilihusu bomba la mviringo. Hakupiga hesabu za bomba la Ruvu, na mtu asije akasema nimesema hivyo. Wala hakuzaliwa Pwani. Ila historia yake ukiisoma ukiwa Kibaha au Kisarawe, unaielewa vizuri zaidi kuliko ukiisoma kwingine, na sababu ni shule.

Alizaliwa Bukoba Oktoba 1954, akiitwa Verdiana Kashaga. Tanganyika ilikuwa bado chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Uingereza ikiwa mtawala. Miezi mitatu kabla, tarehe 7 Julai, chama cha TANU kilikuwa kimezaliwa Dar es Salaam, na rais wake wa kwanza alikuwa mwalimu wa sekondari: Julius Nyerere, aliyekuwa akifundisha Mtakatifu Fransisko, Pugu, kwenye vilima vinavyopakana na Kisarawe. Mwalimu aliacha kazi ya Pugu mwaka uliofuata. Pugu yenyewe ilibaki kuwa kile ilichokuwa, shule ya wavulana.

Kilomita chache kutoka hapo, ndani ya Kisarawe, ilikuwepo Minaki. Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamishiwa Minaki na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1925, kikitokea Kiungani, Unguja, na kwa miongo kadhaa kilikuwa miongoni mwa sehemu chache ambako Mwafrika wa Tanganyika angeweza kusoma zaidi ya elimu ya msingi. Nacho kilikuwa cha wavulana. Baada ya uhuru zikaja nchi za Nordiki na mradi wao mkubwa hapa Kibaha: shule, kituo cha afya, mafunzo ya wakulima, vyote mahali pamoja pale Tumbi. Sekondari ya Kibaha ilijengwa kwa ajili ya vipaji, ikiwa na maabara ambazo shule nyingi nchini zingezionea wivu. Jakaya Kikwete alisoma pale kuanzia 1966 hadi 1969. Mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa serikali, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Sekondari hiyo ya vipaji, kwa mara nyingine, ilikuwa ya wavulana.

Hesabu yake ni rahisi. Mtoto wa kike aliyekuwa na akili ya hisabati, akazaliwa Kongowe au Maneromango au Mzenga miaka ile ya 1950, alikuwa na shule tatu nzuri za sayansi karibu na kwao, na zote tatu asingeweza kuingia. Sitaki kuwalaumu wamisionari peke yao, maana Kibaha ilijengwa na watu wa Skandinavia waliojivunia usawa, katika nchi huru, na bado wakaanza na wavulana. Hawakuona ajabu. Na wazazi wa hapa, tuseme ukweli, hawakuandamana.

Verdiana hakupata njia nyepesi zaidi, ila alipata njia. Alipita shule kadhaa, na mwisho akafika Jangwani, sekondari ya wasichana katikati ya Dar es Salaam. Neno "wasichana" hapo lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana. Katika shule mchanganyiko, msichana anayependa hisabati anakuwa ajabu ya darasa, anachekwa na kila mtu. Katika shule ya wasichana, lazima mtu awe wa kwanza kwenye mtihani wa hisabati, na mtu huyo atakuwa msichana. Hakuna mwingine. Wapo wanaosema shule za jinsia moja zimepitwa na wakati. Mimi huwa nawaomba wahesabu kwanza wanawake wa sayansi nchini, halafu wahesabu shule walizotoka.

Katika miaka ambayo kizazi chake kilikuwa kinasoma, hisabati yenyewe ilikuwa inabadilishwa. Kuanzia 1962, wanahisabati wa Kiafrika, wa Kimarekani na wa Kiingereza walikutana mara kwa mara Entebbe, pembeni mwa ziwa lilelile ambalo Bukoba inalitazama kwa upande wa magharibi, wakaandika vitabu vya shule kwa ajili ya Afrika. Seti, uhusiano, misingi ya namba: ndiyo iliyoitwa hisabati mpya. Mmoja wa Waafrika walioshiriki katika mpango huo alikuwa Grace Alele-Williams wa Nigeria, aliyekuwa amepata uzamivu wake Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1963, na ambaye mwaka 1985 angekuwa mwanamke wa kwanza wa Nigeria kuongoza chuo kikuu. Hisabati mpya haikudumu. Walimu wengi hawakuandaliwa, wazazi hawakuitambua, na Kenya Rais Moi aliamuru iondolewe mwaka 1981. Jambo la kukumbuka ni kwamba mwanamke Mwafrika alikuwa tayari mezani vitabu vilipokuwa vinaandikwa, ingawa wasichana waliovisoma hawakuambiwa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa bado kichanga. Kilianza Oktoba 1961 ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiotosha hata kujaza daladala. Mwanamke kati yao alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa waziri wa sheria. Chuo kikahamia Mlimani 1964, sayansi ikaanza 1965, na Julai 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa kinachojitegemea. Verdiana alihitimu pale mwaka 1976, katika hisabati.

Mwaka huo nao una maana yake. Novemba 1974 TANU ilipitisha Azimio la Musoma, ambalo pamoja na mambo mengine liliamua kwamba kijana akimaliza kidato cha sita na Jeshi la Kujenga Taifa, asiende chuo kikuu moja kwa moja. Afanye kazi kwanza, apate sifa ya tabia kazini na kwenye chama, ndipo aombe nafasi. Nia ilikuwa njema: wasomi wajue jasho. Lakini msichana wa miaka 20 akiambiwa akafanye kazi miaka miwili ndipo asome, nyumbani kuna watu wengine wenye mipango yao juu yake. Atachumbiwa, ataolewa, atazaa. Idadi ya wanawake Mlimani ikashuka, mpaka serikali ikalazimika kuwaruhusu waende moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Waliohitimu 1976 walikuwa wameshaingia kabla mlango huo haujabana. Angezaliwa miaka miwili baadaye, huenda leo tungekuwa tunamtaja mwingine, au hatumtaji mtu.

Alibaki Mlimani, na 1981 akapata uzamili. Katikati ya miaka hiyo Idi Amin alivamia mkoa wa kwao. Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka, na vita vilipokwisha mkoa wa Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera. Nchi ilitoka vitani ikiwa tupu. Wasomaji wenye umri wanazikumbuka foleni za sukari na sabuni, na magari kukatazwa barabarani Jumapili mchana ili kuokoa petroli. Kuandika tasnifu ya hisabati wakati karatasi yenyewe ni bidhaa adimu si jambo la kupita nalo haraka.

Na tasnifu yenyewe? Hapa naomba msomaji avumilie kidogo, maana mara nyingi wanawake hawa wa kwanza huandikwa kwa sifa nyingi na bila neno moja kuhusu kazi waliyoifanya, kana kwamba kazi yao ilikuwa kuwa wa kwanza.

Chukua bomba la mviringo lililolala, maji yakipita ndani taratibu bila kuvurugika. Maji yanayogusa ukuta wa bomba hayaendi popote, yamenata. Safu inayofuata inateleza kidogo juu yake, inayofuata zaidi kidogo, na katikati kabisa ndiko mwendo ulipo mkubwa. Karibu mwaka 1840 mhandisi Mjerumani aliyeitwa Hagen na daktari Mfaransa aliyeitwa Poiseuille, kila mmoja kivyake, walipata kanuni ya mtiririko wa namna hii. Inasema jambo ambalo wauza mabomba wangepaswa kulibandika ukutani: ukipunguza kipenyo kwa nusu, na msukumo ukabaki uleule, maji yanayopita hayapungui kwa nusu. Yanabaki sehemu moja ya kumi na sita. Daktari yule, kwa njia, hakuwa na haja na mabomba ya mtaani. Alitaka kujua damu inavyopita kwenye mishipa myembamba.

Kanuni hiyo ni ya maji, na ya vitu vyenye tabia kama ya maji, ambavyo unato wake haubadiliki ukivisukuma polepole au kwa nguvu. Lakini dunia imejaa vimiminika vyenye ukaidi. Rangi ya ukutani inakaa nzito kwenye kopo, ukiipaka kwa brashi inalainika, ukiiacha ukutani inakuwa nzito tena isitiririke. Damu ina tabia hiyo. Tope la kuchimbia visima virefu lina tabia hiyo. Kwa vimiminika hivi kanuni ya Hagen na Poiseuille haitoshi, kwa sababu unato wenyewe unategemea kasi, na kasi inategemea unato. Kila kimoja kinamngoja mwenzake.

Tasnifu ya uzamili ya Verdiana ilishughulikia aina moja ya vimiminika hivi, vinavyobeba majina ya Reiner na Philippoff. Vikisukumwa polepole sana vina unato mmoja usiobadilika, vikisukumwa kwa nguvu sana vina mwingine usiobadilika, na katikati ya hali hizo mbili vinalainika kadiri msukumo unavyozidi. Akaviweka kwenye bomba la mviringo, na akaongeza ugumu wa aina mbili. Kwanza, hakutazama sehemu ya bomba ambako mtiririko umeshatulia. Alitazama mlangoni, pale kimiminika kinapoingia na bado kinatafuta umbo lake la mwendo. Pili, aliruhusu kimiminika zaidi kipenyezwe kupitia ukuta wa bomba wenyewe. Ukuta ambao kwa kawaida ndio kitu kimoja cha kutegemewa, mahali ambapo kila kitu kimesimama, sasa nao unaingiza. Milinganyo inayotoka hapo huwezi kuitatua kwa penseli ukapata jibu safi la mstari mmoja. Unaifuata kwa namba, hatua kwa hatua, ukiangalia kosa dogo la hatua hii lisije likawa kubwa hatua ya mia.

Kisha akaenda Berlin. Wakati huo jiji lilikuwa vipande viwili, na Chuo Kikuu cha Ufundi kilikuwa upande wa magharibi, kisiwa cha nchi moja katikati ya nyingine. Alipata pale uzamili wa pili, wa fizikia, halafu uzamivu, chini ya usimamizi wa Wolfgang Muschik na Gerd Brunk. Kimiminika safari hii kilikuwa cha Reiner na Rivlin, nadharia iliyojengwa na Markus Reiner mwaka 1945 na Ronald Rivlin miaka mitatu baadaye. Vimiminika vya nadharia hii, vikisukumwa mbele, vinasukuma pia pembeni. Nguvu hizo za pembeni ndizo zilizowashughulisha wanasayansi wa wakati ule waliotaka kueleza kwa nini maji ukiyakoroga kwa kijiti yanachimba shimo katikati, ilhali ute wa yai unapanda kijiti. Bomba lilikuwa lilelile la mviringo, lenye ulinganifu kuzunguka mhimili wake, na njia ilikuwa ya namba na kompyuta.

Berlin ina kumbukumbu yake kuhusu wanawake na hisabati, wala si ya kujivunia. Mwaka 1870 Mrusi Sofia Kovalevskaya alifika mjini humo kusoma kwa Karl Weierstrass, bingwa wa zama hizo, na Chuo Kikuu cha Berlin kikakataa hata asikae kwenye mihadhara kwa kuwa ni mwanamke. Weierstrass akamfundisha nyumbani, kwa faragha, miaka minne. Shahada akaipata 1874 kutoka chuo kingine, Göttingen, bila hata kwenda kuitetea, na moja ya kazi alizowasilisha ilihusu ni lini milinganyo ya aina inayotumika kwa vimiminika na joto na mengine mengi ina jibu na jibu hilo ni moja tu. Mwaka 1889 alikuwa profesa kamili Stockholm. Miaka mia moja na zaidi kidogo baada ya mlango kufungwa usoni pa Kovalevskaya, mwanamke kutoka Bukoba alitetea uzamivu wake katika jiji hilohilo, chuo kingine, mlango wazi. Ulaya nayo ilichukua muda, na tusiongee kana kwamba ucheleweshaji ni wa Kiafrika.

Alirudi Dar es Salaam. Hapa historia nyingi za watu wa kwanza huanza kupooza, zinakuwa orodha ya vyeo. Ya kwake kwangu ndipo inapochangamka, kwa sababu alianza kuuliza swali la pili. Yeye amefika, wengine wako wapi?

Miaka ya 1990 ilianzishwa programu ya Afrika kuhusu elimu ya wasichana katika hisabati na sayansi, iliyojulikana kwa kifupi chake FEMSA, ikihusishwa na jukwaa la wanawake wasomi wa elimu, FAWE, lenye makao Nairobi. Nchi za mwanzo zilikuwa Kameruni, Ghana, Uganda na Tanzania, na upande wa Tanzania Verdiana Masanja ndiye aliyekuwa mratibu. Kazi ilikuwa kuingia shuleni, kukaa nyuma ya darasa na kutazama. Walimu wanamwita nani kwenda ubaoni? Nani anashika kipimo maabara, na nani anaandika tu anachosomewa? Asubuhi nani anafagia darasa na nani anapitia daftari lake? Kuna choo chenye mlango, au msichana akiwa hedhini anakaa nyumbani siku nne, na mada ya aljebra inampita? Mambo hayo yanaonekana madogo mpaka uyapige hesabu. Siku nne kila mwezi, kwa miaka minne ya sekondari, katika somo ambalo ukikosa ngazi moja huwezi kukanyaga inayofuata.

Nimefurahi kwamba mtu aliyefanya kazi hiyo alikuwa mwanahisabati. Mtaalamu wa jinsia angeweza kuambiwa kwamba hajui hisabati inataka nini. Masanja alikuwa anaijua kutoka ndani, na aliandika juu ya wanawake wa Afrika katika hisabati pamoja na makala zake za vimiminika, bila kuona kwamba moja ni kazi na nyingine ni wema.

Kitivo cha Sayansi Mlimani nacho kilianzisha, mwishoni mwa miaka hiyo, mafunzo ya awali kwa wasichana waliokosa alama kwa kiasi kidogo: wanakuja mapema, wanasoma wiki kadhaa, wanapimwa, wanaofaulu wanajiunga. Walikuwepo waliolalamika kwamba ni upendeleo. Upendeleo uliojenga Pugu, Minaki na Kibaha kwa wavulana haukuwahi kuitwa kwa jina hilo.

Mwaka 2006 alianza kufundisha pia Rwanda, kwenye Chuo Kikuu cha Taifa kilichokuwa Butare, huku akiendelea Dar es Salaam mpaka 2010. Chuo kile kilikuwa kimepoteza walimu na wanafunzi wengi katika mauaji ya kimbari ya 1994, na 2008 nchi ikaamua kuhama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza katika elimu, hivyo mhadhiri wa hisabati kutoka Afrika Mashariki alikuwa mali adimu. Kule alikuwa profesa wa hisabati tumizi na mkurugenzi wa utafiti. Baadaye alikuwa naibu makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Kibungo, mashariki mwa Rwanda, ambacho kilifungwa 2020. Mwaka 2018 alikuwa amesharudi nyumbani, Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, Arusha, ambako hakuna shahada ya kwanza. Wanafunzi wote ni wa uzamili na uzamivu. Mwaka huo alitimiza miaka 64.

Sasa turudi Pwani. Shirika la Elimu Kibaha leo lina sekondari ya wasichana pia, mbali na ile ya zamani ya wavulana. Ruvu kuna sekondari ya wasichana. Kisarawe, Jokate Mwegelo alipokuwa mkuu wa wilaya alianzisha kampeni ya Tokomeza Ziro, na katika michango hiyo ikajengwa sekondari ya wasichana inayobeba jina lake. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi shuleni, jambo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa limekatazwa. Binti wa Kongowe wa leo ana milango ambayo bibi yake hakuwa nayo, na hilo lisemwe bila kusitasita.

Ila milango haifundishi hisabati. Katika matokeo ya kidato cha nne ya 2021 na ya 2022, waliofaulu hisabati nchini walikuwa takriban mmoja kati ya watano. Mmoja. Wavulana na wasichana wote pamoja, shule za bweni na za kata. Kiwango hicho kingekuwa katika Kiswahili au jiografia, waziri angeitwa bungeni. Katika hisabati tumezoea, tunasema ni somo gumu, tunaendelea na safari. Mtoto wa darasa la saba Kongowe ameshasikia kutoka kwa kaka, dada, jirani na wakati mwingine mwalimu wa zamu, kwamba hesabu ni za watu fulani. Hakuambiwa ni watu gani, lakini amekwisha jua kwamba yeye si miongoni mwao.

Ndiyo maana naona kuna hasara kubwa katika jinsi Verdiana Masanja asivyojulikana. Watoto wetu wanawajua Pythagoras na Newton, watu wenye ndevu na nywele za bandia kutoka nchi ambazo hawatazifikia. Hawamjui profesa aliyezaliwa Bukoba, akasoma Jangwani, akaandika uzamivu kuhusu mtiririko ndani ya bomba la mviringo, kama lile linalofuata barabara yao, na akautumia muda wake uliobaki kuuliza kwa nini wao hawako naye. Si lazima tumjengee sanamu. Katika mada ya eneo la duara, pale mwalimu anapochora bomba ubaoni na kuuliza kipenyo, dakika mbili zinatosha kusema kwamba kuna Mtanzania aliyeanzia hapo akafika mbali, kwamba ni mwanamke, na kwamba jina lake linaandikwa hivi.

Kwa walimu wa hisabati wa Kongowe, Misugusugu, Tumbi, Minaki na Maneromango ombi langu ni hilo tu: litajeni jina lake darasani muhula huu, na mumwite msichana aje ubaoni kupiga hiyo hesabu.